Uwanja wa Besiboli Hupata Uhai kwa Kubanwa

Kanuni za besiboli zinabana sana mahali pamoja na kulegea mahali pengine. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 27.4, na hakuna uwanja wa ligi kuu unaoruhusiwa kuongeza wala kupunguza hata sentimita moja. Mrushaji anasimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, iwe Boston, iwe Tokyo. Lakini ukishalivuka eneo la ndani lenye vituo vinne na kuingia kwenye nyasi za nje, sheria inanyamaza karibu kabisa. Ukuta uwe mbali kiasi gani, uwe mrefu kiasi gani, upinde kona wapi, hayo kwa sehemu kubwa ameachiwa anayejenga. Nchini Marekani kiliwekwa kipimo cha chini kwa viwanja vitakavyojengwa baada ya Juni 1958, mita 99 pembeni na mita 122 katikati, lakini hata hicho kimekuwa kikiombewa ruhusa na kuachwa.

Uhuru huo unaufanya uwanja uingie mchezoni. Tarehe 29 Septemba 1954, katika mchezo wa kwanza wa fainali za World Series, Vic Wertz wa Cleveland aliupiga mpira kwa nguvu kuelekea katikati ya Polo Grounds, New York. Willie Mays, mdakaji wa nje wa New York Giants, akaugeuzia mgongo, akakimbia kuelekea ukutani na kuudaka ukishuka juu ya bega lake. Kila anayeupenda mchezo huu ameiona picha hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba katika viwanja vingi vingine mpira ule ungekuwa homurani, yaani pigo linalovuka ukuta na kumpa mpigaji vituo vyote, na Mays angebaki kuutazama ukipita juu ya ukuta. Polo Grounds ulikuwa mwembamba na mrefu ajabu: pembeni kulia kulikuwa na mita 79 tu hadi ukutani, wakati katikati ni zaidi ya mita 140. Udakaji ule ulikuwa kazi ya Mays, na nafasi ya kuufanya alipewa na uwanja.

Watu wanapolinganisha viwanja vya besiboli huanza na sura: matofali, rangi ya viti, ukubwa wa skrini, mandhari nyuma ya ukuta. Orodha za viwanja bora hupangwa hivyo kila mwaka. Mimi naona sura ni jambo la mwisho. Ningeuliza kwanza nini kiliulazimisha uwanja uwe na umbo ulilo nalo, kisha ningeuliza shabiki aliyelipa kidogo kuliko wote amekalishwa wapi. Ukipata majibu ya maswali hayo, msisimko wa mahali hapo hauwi tena muujiza usioelezeka.

Fenway Park wa Boston ulifunguliwa Aprili 1912 katika kipande cha ardhi ambacho hakikuwa na pembe sawa. Upande wa kushoto, barabara ya Lansdowne ilipita karibu mno. Haikuwezekana kuisogeza barabara, kwa hiyo uwanja ukakatwa. Ili mpira usiruke nje ovyo, na ili wasiolipa wasichungulie, ukajengwa ukuta. Leo ukuta huo una urefu wa mita 11.3 kwenda juu, na kutoka kwa mpigaji hadi mguuni pake ni mita 94.5 tu. Ulipakwa rangi ya kijani mwaka 1947. Kabla ya hapo ulijaa matangazo ya biashara. Wenyewe wanauita Green Monster, yaani dubwana la kijani.

Tazama unachofanya ukuta huo. Mpira wa juu uliopigwa bila nguvu sana, ambao kwingine ungedakwa kirahisi, hapa unaugusa ukuta na mpigaji anafika kituo cha pili. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukapita chini na kunyooka, ambao kwingine ungekuwa homurani safi, hapa unagonga ukuta na kurudi kwa kasi hadi mpigaji anaishia kituo cha kwanza. Anayecheza nje kushoto hulazimika kujifunza ukuta kama mtu anavyojifunza tabia za jirani: wapi unarudisha mpira kwa nguvu, wapi mpira unagonga na kuanguka chini kama uliokata tamaa. Carl Yastrzemski, mchezaji wa Boston wa nje kushoto aliyejua siri zake zote, aliwanasa wakimbiaji wengi walioamini wana muda wa kutosha.

Ndani ya ukuta huo kuna chumba chembamba ambamo watu hukaa mchezo mzima wakibadilisha namba za ubao wa matokeo kwa mkono, bamba moja baada ya jingine. Kuta za chumba zimejaa saini za wachezaji wa vizazi na vizazi. Wanachungulia mchezo kupitia nafasi ndogo kwenye ubao, wakiwa hatua chache nyuma ya mchezaji wa nje kushoto. Hakuna mbunifu ambaye angekaa mezani na kuchora kitu hiki kwa kupenda. Kilitokea kwa sababu barabara ilikuwepo, na kila kizazi kilichofuata kikalazimika kuishi na uamuzi wa waliotangulia.

Sitaki kuufanya Fenway paradiso. Viti vingi ni vyembamba, magoti yanabanwa, na vingine upande wa kulia vinaangalia katikati ya nyasi badala ya kumwangalia mpigaji, hivyo unatazama mchezo shingo ikiwa imepinda. Kuna nguzo zinazoziba macho. Nitarudi kwenye nguzo hizo, kwa sababu ndizo zinazosemwa vibaya kuliko kitu chochote katika viwanja vya zamani, na nadhani zinaonewa.

Wrigley Field wa Chicago, uliofunguliwa 1914, nao umebanwa na mtaa, ila kwa namna ya upole zaidi. Nyuma ya kuta zake kuna nyumba za watu kwenye barabara za Waveland na Sheffield, na kwa miongo mingi watu wamepanda juu ya mapaa kutazama mchezo. Mizabibu inayotambaa kwenye ukuta wa matofali ilipandwa mwaka 1937, na mpira ukinasa ndani ya majani mchezaji anainua mikono, mwamuzi anasimamisha mchezo, na mpigaji anapewa kituo cha pili. Mmea umepewa sheria yake. Taa hazikuwepo mpaka Agosti 1988; kabla ya hapo mechi zote za nyumbani za Cubs, timu ya uwanja huo, zilichezwa mchana, na mtaa mzima ulipangilia maisha yake kwa saa za mchezo. Mpaka leo, timu ya wageni ikipiga homurani, shabiki wa Cubs aliyeudaka mpira anatarajiwa kuutupa tena uwanjani. Desturi kama hiyo inahitaji watu wanaokaa karibu kiasi cha kusikiana.

Kisha ikaja miaka ya 1960 na 1970, na miji ya Marekani ikaamua kuwa na uwanja mmoja kwa michezo miwili. Besiboli inahitaji robo ya duara, na mpira wa miguu wa Kimarekani unahitaji mstatili. Wajenzi wakachagua duara kamili, umbo lisilofaa mchezo wowote kati ya hiyo miwili. Busch Memorial wa St. Louis, Riverfront wa Cincinnati, Three Rivers wa Pittsburgh, Veterans wa Philadelphia: vyote vilifunguliwa kati ya 1966 na 1971, vyote vya zege, vingi vikiwa na nyasi bandia, na kuta zilizopinda sawasawa kushoto na kulia. Viti vilielekea katikati ya duara, mahali ambapo katika besiboli hakuna kinachotokea. Nyasi bandia zenyewe zilitokana na Astrodome wa Houston, uwanja wa kwanza wa ligi kuu wenye paa, uliofunguliwa 1965. Paa lake la plastiki angavu lilimulika machoni mwa wadakaji, likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa, na mwaka uliofuata zikaletwa za plastiki. Kosa moja la ubunifu lilibadilisha mchezo wa ligi nzima kwa miaka thelathini.

Viwanja hivyo vya duara havikudumu. Three Rivers ulilipuliwa 2001, Riverfront 2002, Veterans 2004. Simfahamu mtu aliyevililia kwa ajili ya majengo yenyewe, ingawa wengi waliyalilia mataji waliyoyashuhudia humo.

Aliyevunja mwiko alikuwa Baltimore. Oriole Park at Camden Yards ulifunguliwa Aprili 1992, karibu na katikati ya jiji, kwa ajili ya besiboli peke yake. Upande wa kulia kulikuwa na ghala la zamani la reli la kampuni ya B&O, jengo la matofali lenye urefu wa mita 340 hivi. Kulikuwa na mawazo ya kulibomoa. Waliopigania libaki, akiwemo Janet Marie Smith aliyesimamia ubunifu kwa upande wa klabu, walielewa jambo ambalo kizazi cha maduara hakikulielewa: kwamba kikwazo ni mali. Ghala likabaki, na barabara ya Eutaw ikapita katikati yake na majukwaa, ikawa sehemu ya uwanja siku za mchezo. Pale homurani zilipoangukia barabarani vimewekwa vibandiko vidogo vya shaba chini, na watu hutembea wakiinama kuvisoma. Katika mchezo rasmi hakuna aliyewahi kulipiga ghala lenyewe moja kwa moja. Ken Griffey Jr. aliweza, ila ilikuwa kwenye shindano la kupiga homurani mwaka 1993.

Baada ya Camden Yards kila klabu ilitaka matofali. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiita miaka ile zama za dhahabu za viwanja. Wengi waliiga matokeo bila kuiga sababu. Uwanja wa Houston uliofunguliwa 2000 ulijengewa kilima ndani ya nyasi za mchezo, katikati kabisa, mita 133 kutoka kwa mpigaji, na juu yake ikasimikwa nguzo ya bendera. Zamani Crosley Field wa Cincinnati ulikuwa na mwinuko mbele ya ukuta kwa sababu ardhi ya pale ilipanda hivyo. Houston hakukuwa na ardhi ya kupanda. Kilima kililetwa. Wachezaji walikikimbilia kwa hofu ya kuvunjika miguu, na baada ya msimu wa 2016 kikaondolewa bila kuacha pengo lolote, kwa kuwa hakikuwa kimetokana na chochote. Uwanja huohuo una upande wa kushoto unaopakana na jengo la stesheni ya zamani ya treni, nao ukuta wa huko uko karibu kwa sababu ya kweli. Huo haujaguswa na hakuna anayeulalamikia kuwa ni wa kuigiza.

Citi Field wa New York unanisikitisha zaidi. Sura yake ya mbele imeiga Ebbets Field wa Brooklyn, uwanja uliobanwa na barabara ya Bedford na kubomolewa mwaka 1960. Sebule yake ya mviringo imepewa jina la Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu, na heshima hiyo ni ya haki kabisa. Lakini uwanja wenyewe, uliofunguliwa 2009, umesimama katikati ya maegesho ya magari huko Queens. Kuta zake zilipewa kona na mikato kana kwamba kuna mtaa unaozisukuma, ilhali nje kuna lami tupu. Miaka michache tu baadaye kuta zikasogezwa ndani kwa sababu wapigaji walishindwa kuzivuka. Ukuta uliowekwa na barabara hausogezwi kirahisi hivyo, na kwa sababu hausogezwi, wachezaji na mashabiki hujenga maisha yao kuuzunguka.

Sasa nirudi kwenye nguzo. Viwanja vya mwanzo wa karne ya ishirini vilibebwa na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya watu. Aliyepata kiti nyuma ya nguzo aliona nusu ya mchezo, na malalamiko yake ni ya kweli. Lakini nguzo hiyohiyo iliwezesha ghorofa ya juu isogezwe mbele mpaka karibu juu ya vichwa vya waliokaa chini. Ukiiondoa, uzito wa ghorofa lazima ubebwe kutoka nyuma, na ghorofa yote inarudi nyuma nayo. Kisha klabu inachomeka safu moja au mbili za vyumba vya kifahari katikati, kwa sababu ndivyo vinavyolipa, na ghorofa ya juu inapanda angani. Aliyekuwa nyuma ya nguzo ameona vizuri, lakini maelfu wamesukumwa mbali ili yeye aone.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Chicago, upande wa kusini. Uwanja mpya wa White Sox, timu nyingine ya jiji hilo, ulifunguliwa 1991, mwaka mmoja tu kabla ya Camden Yards, mkabala na ule wa zamani wa 1910. Ghorofa yake ya juu ilikuwa kali kwa mwinuko na mbali kwa umbali, kiasi kwamba waliozoea uwanja wa zamani walisema safu ya kwanza ya juu katika mpya iko mbali na mchezo kuliko safu ya mwisho katika ule uliovunjwa. Mwaka 2004 klabu ilikata safu nane za juu kabisa, zaidi ya viti 6,000, na kuweka paa jipya juu ya safu zilizobaki. Klabu ililipa gharama ili kuviondoa viti ilivyovijenga yenyewe miaka kumi na mitatu nyuma.

Huko New York, uwanja mpya wa Yankees wa 2009 ulionyesha upande mwingine wa jambo hilihili. Viti vya mbele kabisa nyuma ya mpigaji vilitengwa na vingine kwa kizuizi cha zege na walinzi, na vingine viliuzwa dola 2,500 kwa mchezo mmoja. Wiki za mwanzo vilibaki wazi mbele ya kamera, mechi baada ya mechi, na klabu ikalazimika kupunguza bei za baadhi yake kwa nusu. Televisheni ilionyesha mahali palipo karibu zaidi na mchezo pakiwa patupu, na waliotaka kupiga kelele wakiwa juu mawinguni. Hakuna tofali litakaloponya hilo.

Waliofanya vizuri wapo, na ni vyema wasifiwe kwa sababu sahihi. PNC Park wa Pittsburgh, uliofunguliwa 2001, una ghorofa mbili tu za viti, uwanja wa kwanza wa namna hiyo kujengwa Marekani kwa ligi kuu tangu ule wa Milwaukee wa 1953. Kwa kukataa ghorofa ya tatu, klabu ilimweka karibu hata mwenye tiketi ya chini. Mto Allegheny uko nyuma ya ukuta wa kulia, na daraja lenye jina la Roberto Clemente hufungwa kwa magari siku za mchezo ili watu wavuke kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Ukuta huo wa kulia una futi 21, namba aliyoivaa Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico aliyefariki mkesha wa mwaka mpya wa 1973 katika ajali ya ndege akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nicaragua. Ni namba iliyochaguliwa, najua, haikulazimishwa. Lakini mto umelazimisha, na daraja lilikuwepo kabla ya uwanja.

San Francisco nao walibanwa na maji. Ghuba iliwazuia kwenda kulia, hivyo pembeni kulia kuna mita 94 tu, na ukuta wa juu mita 7.3 kulipa deni la umbali huo. Watu husubiri homurani majini wakiwa kwenye kayaki. Kinachonivutia mimi zaidi ni njia ya miguu iliyo kati ya ukuta na maji: kuna matao yenye uzio wa wavu ambapo mpita njia anaweza kusimama na kutazama mchezo bure kwa muda, hatua chache tu nyuma ya mdakaji wa nje kulia. Uwanja huo ulijengwa kwa fedha binafsi, wa kwanza wa ligi kuu kufanywa hivyo tangu Dodger Stadium wa 1962. Klabu iliyolipa mwenyewe ikaacha dirisha kwa asiyelipa.

Denver kilichowabana ni hewa. Coors Field uko juu sana, safu moja ya viti vya zambarau kwenye ghorofa ya juu inaonyesha mahali palipo maili moja kamili juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inaubeba mpira mbali. Wajenzi walisogeza kuta nyuma ili kupunguza homurani. Walichopata ni nyasi pana mno zisizoweza kulindwa na watu watatu, na mipira mingi ikaanza kuangukia kwenye mapengo. Tangu 2002 mipira huhifadhiwa kwenye kabati lenye unyevu kabla ya mchezo ili isiruke mbali mno. Ni uwanja ambao fizikia inaonekana kwa macho, na naupenda kwa hilo.

Nikitaja Dodger Stadium nimegusa uwanja unaoipa hoja yangu shida. Haujabanwa na mtaa wowote. Umezungukwa na bahari ya maegesho, kuta zake zimelingana kushoto na kulia, na ndio uwanja mkubwa kuliko yote ya ligi kuu ya Marekani, watu 56,000. Hata hivyo ni mzuri. Sababu moja ni kwamba ulichimbwa kwenye kilima, kwa hiyo mtu anaingia kwa usawa wa ghorofa yake badala ya kupanda ngazi za zege, na milima ya San Gabriel inaonekana nyuma ya ukuta jioni inapoingia. Sababu nyingine ni kwamba ulijengwa kwa mchezo mmoja, wakati wengine walipokuwa wakijenga maduara. Lakini siwezi kuusifu na kuishia hapo. Kilima kile, Chavez Ravine, kilikuwa na vijiji vitatu vya Wamarekani wenye asili ya Meksiko: Palo Verde, La Loma na Bishop. Waliondolewa kwa ahadi ya nyumba za umma zitakazojengwa hapo, mradi ukafutwa, na familia za mwisho zikatolewa kwa nguvu mwaka 1959. Ule uwazi unaoonekana kama zawadi ya asili ulitengenezwa kwa kuwahamisha watu. Mlinganisho wa viwanja usiolitaja hilo ni wa upande mmoja.

Tukivuka bahari kwenda Japani, swali la nani amekalishwa wapi linapata jibu tofauti kabisa. Koshien, ulioko Nishinomiya, ulifunguliwa Agosti 1924. Eneo la ndani halina nyasi hata kidogo, ni udongo mweusi uliochanganywa na mchanga, na kila Agosti timu za shule za sekondari hucheza hapo mashindano yanayosimamisha nchi. Timu ikitolewa, wachezaji hupiga magoti na kuzoa udongo huo kwenye mifuko kwenda nao nyumbani. Bendi na wanafunzi wa shule hukaa kwenye majukwaa ya pembeni yanayoitwa Alps, karibu na mstari, kila shule na upande wake. Upepo kutoka baharini huvuma kuelekea kushoto na kuwaonea wanaopiga kwa mkono wa kushoto, na kila mpigaji anayekuja Koshien anaujua.

Msimu wa ligi, Hanshin Tigers wakicheza, majukwaa ya nje nyuma ya ukuta wa kulia ni ya vikundi vya ushangiliaji vyenye matarumbeta, ngoma na bendera. Kila mchezaji ana wimbo wake. Mashabiki huimba timu yao inapopiga, na zamu ikibadilika wananyamaza ili upande wa wageni uimbe. Huko Jingu, uwanja wa Tokyo wa mwaka 1926, mashabiki wa Yakult Swallows hufungua miavuli midogo na kuichezesha kwa wimbo timu inapopata pointi. Kwa macho ya orodha za sura, Jingu si kitu, ni zege la zamani na viti vya kawaida. Mpango wa kuubomoa na kuujenga upya jirani yake umepingwa vikali, na wanaopinga hawatetei zege.

Marekani wamezoea kupewa sauti kutoka juu. Wrigley ulikuwa uwanja wa kwanza wa ligi kuu kuweka kinanda, mwaka 1941, na kinanda kilikuwa na utu wake. Siku hizi skrini inamwambia shabiki lini apige makofi, na muziki unajaza kila sekunde kati ya mrusho na mrusho. Kwa maoni yangu hapo ndipo viwanja vipya vya Marekani vinapoteza zaidi kuliko kwenye nyasi bandia za zamani, kwa sababu besiboli ina ukimya mwingi, na ukimya huo ndio nafasi ya watu kuanzisha jambo lao wenyewe.

Oakland walithibitisha hilo katika jengo baya kuliko yote. Coliseum wao ulikuwa duara la zege la miaka ya 1960, na mandhari pekee uliyokuwa nayo, vilima vya nyuma, ilizibwa katikati ya miaka ya 1990 na jukwaa kubwa lililojengwa kwa ajili ya timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Mabomba yalifurika maji machafu. Hata hivyo pembeni kulia kulikuwa na watu wa ngoma na bendera waliokuja iwe timu inashinda au inafungwa kila siku. Tarehe 13 Juni 2023 walikuja kwa wingi kumwambia mmiliki auze timu, na mchezo wa mwisho, Septemba 2024, uliingiza watu 46,889. Timu iliondoka, ikacheza Sacramento kwenye uwanja mdogo, ikisubiri uwanja unaojengwa Las Vegas wa watu 33,000 hivi wenye paa lisilofunguka.

Sina ghorofa wala ukuta wa kuwaelekeza wanaochora uwanja huo. Ninachotaka waangalie ni mgogoro mmoja uliotokea Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Es Con Field, uliofunguliwa Machi 2023, una paa linalofunguka na nyasi halisi, na hata bafu la chemchemi ya moto ambamo mtu anaweza kuketi akitazama mchezo. Ila walioujenga waliweka viti vya nyuma ya mpigaji mita 15 tu kutoka kwake, wakati kanuni za Japani ziliandika mita 18.288. Ligi ikataka uwanja mpya kabisa ufanyiwe marekebisho. Klabu ikakubali kufanya hivyo misimu ikiisha, lakini kabla kazi haijaanza uamuzi ukabadilishwa na viti vikabaki vilipo. Watu walibishana miezi kadhaa, hadi ngazi ya juu ya mchezo, juu ya mita tatu kati ya shabiki na mpigaji, na klabu ilikuwa upande wa kumsogeza shabiki. Las Vegas wana ramani, wana kiwanja na wana muda mpaka 2028 kusema mtu wao wa tiketi ya chini atakuwa umbali gani.